Kinyesi, brashi au biopsi? Kuchagua njia ya kuwachunguza bakteria wa ukuta wa utumbo

Mwanafunzi mmoja aliniletea pendekezo la utafiti lililopangika vizuri. Swali lake lilikuwa hili: bakteria wanaokaa kwenye ukuta wa utumbo mpana wa mgonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo) wanatofautianaje na wa mtu asiye na ugonjwa huo? Nikaruka hadi ukurasa wa mbinu. Sampuli: kinyesi, basi. Nikamuuliza, "Ukoga wa meno huwa unaupima kwa kutema mate?" Akacheka, kisha akatulia. "Lakini mwalimu, friza imeshajaa."

Friza hiyo ndiyo iliyonifanya niandike haya. Njia za kuwafikia bakteria wa ukutani ni nyingi, na kila moja ina watu wanaoiapia. Nitaziweka sambamba, na pale ninapoegemea upande nitasema wazi.

Kwanza, ukuta ni upi?

Wengi wakisikia "bakteria wa ukutani" hufikiria vijidudu vilivyong'ang'ania seli kama kupe. Kwa kawaida sivyo. Seli za utumbo mpana zimefunikwa na ute wenye matabaka mawili: la ndani limebana na kushikamana na seli, la nje ni legelege. Mwaka 2008 kundi la Gunnar Hansson wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Uswidi, lilionyesha kwa panya kwamba tabaka la ndani karibu halina bakteria kabisa. Maskani yao ni lile la nje. Utumbo mwembamba hauna mpango huo. Ute wake ni tabaka moja tu, nalo ni legelege. Kwa hiyo, mara nyingi tunaowatafuta ni wakazi wa ute. Wanaogusa seli zenyewe ni wachache, na wakizidi huwa dalili kwamba mambo si shwari.

Wakazi hao wana mazingira yao. Oksijeni huvuja kidogo kutoka kwenye damu kupitia ukuta, hivyo kando kando hupata nafasi bakteria wanaoistahimili, huku katikati ya utumbo wakitawala wale ambao oksijeni ni sumu kwao. Riziki nayo ni tofauti, maana wapo wanaokula ute wenyewe. Akkermansia muciniphila, aliyeelezwa mwaka 2004 na watafiti wa Wageningen, Uholanzi, amebeba tabia hiyo katika jina: muciniphila ni "mpenda ute".

Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichukua sampuli katika sehemu 6 za utumbo mpana wa watu 3 wenye afya, pamoja na kinyesi chao, wakasoma zaidi ya mipangilio 13,000 ya jeni ya 16S, ambayo kila bakteria anayo na hutumika kumtambua. Walikuta tofauti kubwa kati ya mtu na mtu, na vilevile kati ya kinyesi na ukuta. Hizo tofauti mbili zishike pamoja. Ukilinganisha kinyesi cha mmoja na biopsi (kipande kidogo cha ukuta kilichonyofolewa) ya mwingine, huwezi tena kujua unachokiona kimetoka kwa mtu au kwa mahali.

Kinyesi dhidi ya biopsi

Hili ndilo pambano ambalo kila mtafiti hulianza nalo, na wengi hulimaliza vibaya kwa kuuliza ipi ni bora bila kutaja bora kwa swali gani.

Kinyesi kinapatikana bila maumivu, bila daktari, na kesho kinapatikana tena. Gramu moja inaweza kuwa na bakteria bilioni 100, kwa hiyo DNA yao haikupigi chenga. Unaweza kusoma DNA yote kwa mkupuo, ukafika hadi kwenye aina ndani ya spishi na kazi za jeni zao. Ukitaka kumfuatilia mtu mmoja kila siku kwa mwezi, au kupima maelfu ya watu, au kujua chakula kinabadilisha nini, usijisumbue na kitu kingine.

Udhaifu wake ni kwamba ni mchanganyiko. Ndani yake mna wapita njia, mna waliokufa njiani, mna vipande vya ute vilivyobanduka mahali usipopajua. Hata ugumu wa kinyesi huathiri matokeo, ndiyo maana mtafiti makini huandika namba ya kipimo cha Bristol, 1 hadi 7, kando ya kila sampuli. Mtu mwenye namba 2 na mwenye namba 6 hawatofautiani kwa ugonjwa tu. Kasi ya kupita kwa choo peke yake huwachagua bakteria.

Biopsi inakupa mahali. Kipande cha miligramu chache kimenyofolewa pale pale, kikiwa na seli, kinga ya mwili na ute (kama hukuuharibu, nitalirudia hilo). Unaweza kuuliza seli zinasema nini huku bakteria wakifanya nini, jambo ambalo kinyesi hakiwezi hata kwa kuota. Mwaka 2014 ulitoka utafiti mkubwa wa watoto waliokuwa ndiyo kwanza wamegunduliwa na Crohn, kabla ya matibabu. Mabadiliko ya bakteria yalionekana vizuri kwenye biopsi, hata zile za rektamu (mwisho wa utumbo mpana), lakini kwenye kinyesi yalififia. Miaka minne baadaye, kundi la Eran Elinav na Eran Segal katika Taasisi ya Weizmann, Israel, liliwapa watu wenye afya probiotiki (bakteria hai wa kumeza) na kuingia ndani kuangalia kama zimekaa. Kwa baadhi yao zilipata makao, kwa wengine ukuta ulizikataa, na kinyesi hakikuweza kueleza vizuri nani ni nani. Ukiwakuta chooni bakteria uliowameza, huenda walipita tu.

Baada ya sifa hizo, sikiliza bei yake, na sisemi pesa. Mgonjwa anakunywa lita kadhaa za dawa ya kuharisha ili utumbo uwe mweupe, yaani unaanza kwa kukifagia chumba kisha unauliza nani alikuwa amelala humo. Koleo hupita kwenye mfereji wa kolonoskopi (bomba lenye kamera la kuchungulia utumbo mpana) ambao tayari umefyonza maji machafu ya sehemu nyingine. Kipande chenyewe ni kidogo, na ukisoma DNA yake yote kwa mkupuo, mara nyingi zaidi ya asilimia 90 ya unachosoma ni binadamu. Jeni ya 16S hupunguza adha hiyo lakini haiiondoi: praima (vipande vifupi vya DNA vya kuinasa jeni hiyo) zinazopendwa sana, za eneo lake la V4, huweza kunasa DNA ya mitokondria za binadamu na kukuletea "spishi" ambayo haipo. Praima za V1-V2 hazina sana ugonjwa huo. Nimewaona watu wakisherehekea bakteria mpya ambaye, kwa kweli, alikuwa ni mgonjwa mwenyewe.

Halafu kuna suala ambalo wengi hulipitia mbio: kundi la kulinganisha. Mtu mwenye afya tele haji kunyofolewa utumbo. "Wasio wagonjwa" katika tafiti nyingi za biopsi ni watu waliokuja kwa sababu nyingine, kama maumivu, damu kwenye choo, au uchunguzi wa saratani kwa umri wao. Hilo si kosa, ila ukiliacha bila kuliandika ni kosa.

Katikati: brashi, maji na kijiti cha pamba

Kati ya ncha hizo mbili kuna vifaa ambavyo havipewi heshima yake.

Brashi ndogo iliyo ndani ya ala hupitishwa kwenye kolonoskopi, ikafika mahali, ikatolewa kwenye ala, ikapaka ukuta, ikarudishwa ndani kabla ya kutoka. Ala inailinda dhidi ya uchafu wa njiani. Inafuta eneo pana kuliko koleo, na uwiano wa DNA ya bakteria kwa ya binadamu huwa afadhali. Hainyofoi nyama, kwa hiyo hofu ya kutoboa au kutoa damu ni ndogo. Inachokosa ni muundo: ukishapaka, hujui tena nani alikuwa juu ya ute na nani chini yake. Kwa orodha ya wakazi, brashi naichagua mbele ya biopsi bila kusita. Kwa ramani ya makazi, haifai.

Maji ya kuoshea, ambapo maji safi ya chumvi hupulizwa ukutani kisha hufyonzwa, yana faida moja ya pekee: humo unapata pia protini na kemikali za pale juu ya ute. Lakini yanatapakaa. Yakishachanganyika na maji ya kusafishia, umerudi kwenye mchanganyiko kama wa kinyesi, tena uliozimuliwa.

Kijiti cha pamba cha rektamu kinafanywa dakika moja, kitandani kwa mgonjwa, hata kwa aliye mahututi ambaye huwezi kumsubiri apate choo. Tatizo ni kwamba tabia yake hubadilika kila kinapotoka. Kikitoka na rangi, umechukua kinyesi kidogo. Kikitoka kisafi, umechukua bakteria wachache mno, na wa ngozi ya njiani wanaweza kuwazidi. Anayekitumia apige picha ya kila kijiti au aandike rangi yake, la sivyo atachambua vitu viwili akidhani ni kimoja.

Siku hizi kuna kapsuli za kumeza zinazofunguka zikifika utumbo mwembamba na kufyonza kilichopo. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walichapisha matokeo ya watu 15 waliozitumia. Ni hatua kubwa, maana utumbo mwembamba ulikuwa karibu giza. Ila kapsuli hufyonza kilicho katikati ya bomba. Ukiniletea kama sampuli ya ukuta nitakurudisha kwenye mate na ukoga.

Vipande vya upasuaji ni vikubwa na vinavutia, lakini mgonjwa huwa amepewa antibiotiki kabla ya kisu na damu imekatwa kwenye kipande kwa muda kabla hakijakufikia. Vitumie kwa muundo, usivitumie kuhesabu.

Dakika kumi za kwanza

Sasa nifike ninapopapenda. Watu hubishana kuhusu koleo na brashi kwa saa nzima, kisha sampuli inatoka na kukabidhiwa kwa yeyote aliye karibu. Kwa uzoefu wangu, uamuzi wa nini kifanyike baada ya hapo una uzito kuliko uchaguzi wa kifaa.

Mwaka mmoja tulikuwa na panya. Tulikata kipande cha utumbo mpana, choo kikiwa bado ndani, tukakigawa kati. Nusu ikaingia kwenye fomalini ya kawaida, nusu kwenye mchanganyiko wa Carnoy, ambao ni ethanoli asilimia 60, kloroform 30 na asidi asetiki 10, bila tone la maji. Siku kadhaa baadaye tukaweka slaidi mbili chini ya hadubini, DNA ya seli ikiwa ya buluu na bakteria wakiwa wamenaswa na probu ya EUB338, kipande kifupi cha DNA kinachong'aa nyekundu. Ya fomalini: buluu, halafu papo hapo nyekundu, zimegusana kabisa, kana kwamba bakteria wameshavamia. Ya Carnoy: buluu, kisha ukanda mweusi mtulivu, kisha nyekundu. Ule ukanda mweusi ndio tabaka la ndani la ute. Fomalini ilikuwa imeusinyaza hadi kutoweka. Panya ni yule yule, utumbo ni ule ule, na mtu mwenye slaidi ya kwanza tu angeandika makala nzima kuhusu uvamizi ambao haukuwahi kutokea.

Kisha kosa langu mwenyewe. Mara ya kwanza kupokea biopsi za binadamu niliagiza zisuuzwe mara tatu kwenye maji ya chumvi "ziwe safi". Msaidizi wa maabara alikuwa mtiifu, akasuuza kwa bidii, akamwaga maji kwenye sinki. Matokeo yalikuwa binadamu mtupu na bakteria wa kuhesabika. Wale niliokuwa nawatafuta walikwenda na maji. Siku hizi kila atakayesuuza anasuuza mara moja, taratibu, na maji hayo yanatunzwa kwenye chupa yake kama sampuli kamili: wa kwenye maji ni walioshika kwa ulegevu, waliobaki kwenye nyama ni walioshika kweli. Kosa likageuka kuwa kipimo.

Na chukua sampuli tupu. Dawa za kutolea DNA zina DNA yake ya bakteria. Makala iliyotoka mwaka 2014 ilionyesha jinsi sampuli zenye bakteria wachache zinavyoweza kutawaliwa na hao wa kwenye chupa. Kinyesi kina bakteria wengi kiasi kwamba hutawaona. Kwenye biopsi na brashi watajitokeza. Fungua brashi moja chumbani bila kumgusa mtu, pitisha maji safi kwenye mfereji wa kolonoskopi kabla ya mgonjwa, endesha mirija mitupu kwenye hatua zote. Sampuli tupu tatu au nne zimewahi kuokoa sifa za watu.

Kusoma, kuotesha au kutazama

Jeni ya 16S ni ya bei ndogo kazini, inavumilia DNA kidogo, na inakupa majina hadi jenasi, mara nyingine spishi. Haitenganishi E. koli na Shigella, sembuse E. koli mpole na yule mwenye tabia ya kujishikiza na kupenya anayepatikana kwenye utumbo wa wagonjwa wa Crohn. Kusoma DNA yote hutenganisha, ila kwa biopsi utalipia kusoma binadamu. Ushauri wangu ni 16S kwa ukuta, mkupuo kwa kinyesi cha mtu huyo huyo, kisha utafute kama yule wa ukutani anaonekana pia chooni.

Kuotesha kunadharauliwa na vijana, nao wanakosea. Robin Warren alianza kuwaona bakteria waliopinda kwenye biopsi za tumbo mwaka 1979, huko Perth, Australia, wamelala juu ya seli chini ya ute. Kuwaotesha kulishindikana mara kwa mara, kwa sababu sahani za kuoteshea zilitupwa baada ya siku mbili hivi. Pasaka ya mwaka 1982 sahani za Warren na mwenzake Barry Marshall ziliachwa kwenye kiotesho likizo nzima, na ilipokwisha bakteria wakakutwa wameota. Ndio tunaowaita leo Helicobacter pylori, na Nobeli ya mwaka 2005 ikawafuata wote wawili. Jicho liliwaona kwanza, sahani ikathibitisha baadaye. Nani angewakuta kwa kuanza na kinyesi?

Hadubini yenye probu ndiyo njia pekee hapa inayokuambia umbali. Kama swali lako lina maneno "karibu", "ndani ya", "juu ya" au "amegusa", mipangilio milioni ya DNA haitakujibu. Ni kazi ya polepole, inachosha macho, na sehemu chache tu za slaidi ndizo utakazozipitia kwa makini. Hata hivyo naiweka mbele.

Kuhusu panya na seli za maabara nitakuwa mfupi. Panya anakuruhusu kukata utumbo na choo chake ndani, na kufugwa bila bakteria hata mmoja; bakteria wenye umbo la uzi wanaojichomeka kwenye seli za utumbo wake mwembamba, na jinsi wanavyoamsha kinga, tumewajua kwake. Lakini panya hula kinyesi chake, na hilo peke yake linatosha kukuweka macho. Oganoidi, yaani vijiutumbo vilivyooteshwa maabara, zina seli za binadamu, ila seli hizo zinataka oksijeni na bakteria wengi wa ukutani hawaitaki, kwa hiyo unatumia muda mwingi kusuluhisha ndoa.

Ningechagua nini

Kufuatilia mabadiliko kwa muda: kinyesi, bila aibu. Kujua nani yupo ukutani: brashi yenye ala, na kinyesi cha mtu huyo huyo kando yake. Kujua wamekaa wapi kwenye ute: biopsi kwenye Carnoy, na hadubini. Kujua wanaiambia nini kinga: biopsi mbili za jirani, moja kwa DNA na moja kwa seli.

Kwa mwanafunzi wangu kulikuwa na njia ambayo wengi huisahau. Rektamu inafikika kwa kifaa kifupi bila kunywa dawa ya kuharisha na bila usingizi. Ute haujafagiliwa, mgonjwa hakeshi chooni, na ule utafiti wa watoto ulishaonyesha kwamba rektamu huweza kubeba habari hata pale ugonjwa unapokuwa juu zaidi. Alirudi kwenye kamati ya maadili, akaomba ridhaa upya, akaongeza brashi ya rektamu na biopsi mbili kwa wale waliokuwa wanapimwa hata hivyo. Friza haikutupwa, kinyesi cha watu wale wale sasa kina mwenzake wa kulinganishwa naye.

Wiki iliyopita alinionyesha trei ya chupa za Carnoy. Alikuwa ameandika majina ya sampuli kwa kalamu ya wino. Nikatumbukiza moja kwenye kloroform mbele yake, wino ukayeyuka wote. Sasa zote zimeandikwa kwa penseli, na karatasi imo ndani ya chupa.